SOMO LA LEO: Biashara imepoa kwa mvua? Mchukue mwenzio mkapumzike siku mbili, hela ndogo inatosha

Leo siongelei matangazo wala mzigo mpya. Naongelea nyinyi wawili, yaani wewe na mwenzio, hasa mnaouza pamoja mtandaoni na sebule ndiyo stoo.

Mnaofanya hivi mnajua maisha yake. Mnaamka mnaongelea oda, mnalala mnaongelea oda. Ukimwita "mume wangu" anajua unataka kumuuliza kifurushi cha Mbagala kimefika au bado. Hamgombani, mko sawa kabisa, ila hamuongei. Biashara inakula muda wenu kimya kimya, na hiyo ni gharama ambayo haiandikwi kwenye daftari.

Mimi na mume wangu tunauza viatu vya watoto, tuko Dar. Mwaka huu mwezi wa 4 tulifunga oda siku 3 tukaenda Bagamoyo. Jumla tulitenga shilingi 160,000. Nawaeleza tulivyopanga ili na nyie mpange ya kwenu.

1. KWA NINI WAKATI WA MASIKA

Sisi wauzaji tuna kalenda yetu. Desemba ni sikukuu, Januari ni shule, Ramadhani na Idi zinarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka kwa hiyo lazima uangalie zimeangukia wapi. Ikifika Aprili na Mei mvua inanyesha, boda wanachelewa, wateja wanasema "ngoja jua litoke".

Na wenye hoteli nao wana kalenda yao. Watalii wanajaa Juni hadi Oktoba, tena Desemba hadi Februari. Aprili na Mei ni msimu wao wa chini, pwani nzima kuanzia Bagamoyo na Zanzibar hadi Mombasa na Diani kule Kenya. Umeona sasa? Muda ambao wewe huna wateja wengi, na wao hawana. Hapo ndipo mnapokutana bei.

Ila angalia tarehe. Epuka Pasaka, 7 Aprili siku ya Karume, 26 Aprili Muungano na 1 Mei. Siku hizo watu wa mjini wanatoka na bei inapanda. Epuka pia Ijumaa na Jumamosi. Sisi tuliondoka Jumanne, tukarudi Alhamisi.

2. CHUMBA NI NYANYA, SIYO KIATU

Hili ndilo nataka ulishike. Kiatu kisipouzwa leo, nakiweka kwenye boksi, nitakiuza mwezi ujao. Chumba siyo hivyo. Chumba kisicholala mtu usiku wa leo, usiku huo umeshapotea, mwenye nyumba hawezi kuuweka stoo akauuze Desemba. Umeme, mlinzi na mpishi analipa vilevile. Ndiyo maana msimu wa mvua anasikiliza bei.

Kwa hiyo usitegemee bei iliyoandikwa mtandaoni. Piga simu, ongea kwa heshima, sema kitu kamili:

"Habari za saa hizi. Naulizia chumba cha watu wawili, tunaingia Jumanne, tunalala siku mbili, chai ya asubuhi ikiwemo. Bei ya msimu huu mnatufanyiaje?"

Halafu nyamaza, mwache ajibu. Tulitajiwa 50,000, tukamalizana kwa 35,000 na chai ndani. Usimkandamize mtu mpaka alie, wewe mwenyewe unajua maumivu ya mteja anayetaka bure. Na usitume hela yote kabla hujafika. Toa kianzio kidogo, omba upigiwe picha ya chumba chenyewe cha siku hiyo, uliza kama kuna chandarua na kama maji yanatoka.

3. BAJETI YETU KAMILI

- Nauli ya basi dogo, watu wawili kwenda na kurudi: 12,000
- Chumba, kulala mara mbili: 70,000
- Chakula cha mchana na usiku: 40,000
- Viingilio na bajaji: 18,000
- Akiba ya dharura: 20,000
JUMLA: 160,000

Hii ni bei yetu sisi, yako inaweza kuwa juu au chini. Cha msingi ni hela inatoka wapi. Inatoka kwenye faida, HAITOKI kwenye mtaji. Tuliweka 20,000 kila Jumapili kwa wiki 8, kwenye laini ya simu ambayo haitumiki dukani. Wiki ikiwa mbaya unaweka 10,000 na safari inasogea mbele. Hakuna kukopa kwenye simu ili ukapumzike, maana utarudi na stresi kubwa kuliko uliyoondoka nayo.

4. DUKA LIKAE VIPI

Woga mkubwa ni huu: "Nikiondoka wateja watakimbia." Mteja anakimbia akikosa taarifa. Akiambiwa mapema anasubiri. Siku 5 kabla tuliweka tangazo hili kwenye status na kwenye ukurasa:

"Wapendwa wateja, oda zitakazolipiwa kabla ya Jumatatu saa 10 jioni zinatumwa siku hiyohiyo. Oda za Jumanne hadi Alhamisi zinatumwa Ijumaa asubuhi. Asanteni sana."

Kwenye WhatsApp Business kuna meseji inayojijibu yenyewe ukiwa haupo, tukaweka maneno hayohayo. Tukakubaliana simu ya biashara inafunguliwa mara moja tu kwa siku, saa 2 usiku, nusu saa, halafu inazimwa.

Matokeo: oda 9 ziliingia. 8 zilisubiri Ijumaa. Mmoja aliomba arudishiwe hela, nikamrudishia palepale na kumshukuru. Duka halikufa.

5. MKIFIKA MFANYE NINI

Bagamoyo ni kama kilometa 70 tu kutoka Dar, unapita Tegeta, Bunju, Mapinga, Kerege, umefika. Ni mji wa zamani. Wajerumani waliufanya makao yao makuu ya kwanza kabla ya kuhamia Dar mwaka 1891. Misheni ya Wakatoliki ilianzishwa 1868, na mwili wa Livingstone ulihifadhiwa pale mwaka 1874 kabla ya kuvushwa kwenda Zanzibar na baadaye Uingereza. Kaole, kilometa chache kusini, kuna magofu ya msikiti wa kale na makaburi yenye nguzo. Raia analipa kiingilio kidogo kuliko mgeni, kwa hiyo beba kitambulisho.

Sasa niwe mkweli kuhusu masika. Bahari haifanani na ile ya kwenye matangazo. Mto Ruvu unamwaga maji karibu na hapo, kwa hiyo mvua ikinyesha bahari inakuwa na rangi ya chai ya maziwa. Kama mnataka picha za maji ya bluu, mtanuna. Ila ufukwe ni wenu wawili tu. Mnatembea asubuhi mapema, mnaangalia mitumbwi ikiingia na mnada wa samaki (na mimi muuzaji niliupenda sana huo mnada, bei inatajwa kwa sauti na hakuna "njoo inbox"). Mchana mvua inashuka, mnakaa barazani na kahawa na kashata. Hakuna cha kufanya. Na hiyo ndiyo raha yenyewe tuliyoilipia.

6. SHERIA MOJA: STOKI HAIONGELEWI MEZANI

Tuliweka sheria: wakati wa kula hakuna kuongelea mzigo, wateja wala madeni. Chakula cha kwanza kilikuwa kigumu, jamani. Tulikula kimya, tukachekana, maana kila mtu alifungua mdomo akaufunga.

Usiku wa pili mvua inapiga bati, mume wangu akaniambia kitu. Yeye ndiye anayepeleka mizigo kwa pikipiki. Akasema usiku wa mvua anaogopa. Kuna siku tairi liliteleza barabarani, hakuanguka, akaendelea kupeleka, akarudi nyumbani akakuta nafunga oda za kesho, akanyamaza. Ilikuwa imepita zaidi ya mwezi mmoja. Nyumba moja, kitanda kimoja, na neno hilo halikuwa limepata nafasi ya kutoka.

Tuliongea mpaka usiku sana. Tangu hapo duka letu halipeleki mzigo baada ya saa 12 jioni kama mvua inanyesha. Wateja wameelewa, na mimi saa 3 usiku sikai tena nimeshika simu nikisikiliza kama pikipiki inaingia.

Ndiyo maana nasema hii siyo anasa. Kuna maneno hayasemwi katikati ya maboksi. Jioni za nyinyi wawili nazo ni kama kile chumba, isiyotumika leo hauikuti stoo kesho.

7. KAMA HAUKO DAR

Chukua hesabu hiyohiyo, badilisha mji. Uko Mwanza? Kisiwa cha Saanane ni hifadhi iliyo jirani kabisa na mjini, mnavuka kwa boti. Uko Iringa? Isimila iko karibu, na nguzo zake za udongo huzioni popote karibu. Lushoto ni pazuri mno, ila mvua zikiwa kubwa ile barabara ya milimani inahitaji uangalifu, bora msubiri zipungue.

Popote uendako: angalia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya kupanda basi, lalieni chandarua maana mbu wa masika siyo wa mchezo, na bahari ikichafuka msiogelee.

KAZI YA NYUMBANI

Leo jioni kaeni wawili na daftari la mauzo. Tafuteni wiki ambayo mwaka jana iliuza kidogo kuliko zote. Wekeni alama. Gawanyeni bajeti kwa wiki zilizobaki. Anzeni Jumapili hii, hata kwa 5,000.

Sevu somo hili, mtumie mwenzio. Na niambie hapo chini: ukiwa na 160,000 na siku tatu, wewe na wako mngeenda wapi? Taja na bei, ili wengine wajifunze.

Biashara njema, na mapumziko mema.