Kutoka Jikoni kwa Nyanya hadi Sokoni: Somo la Biashara Ndogo ya Chai ya Viungo

Katika nyumba nyingi za Mombasa, chai ya viungo haijaandikwa popote. Nyanya huponda tangawizi, akatia punje za iliki na kipande cha mdalasini, na mjukuu akajifunza kwa kutazama. Wageni husifu, majirani huuliza siri yake, na siku moja mtu wa nyumba hiyo husema: "Mbona chai hii isiuzwe?"

Swali hilo ni zuri. Hata hivyo, wengi huanza kwa kununua sufuria kubwa na viti, na baada ya miezi michache sufuria hurudi nyumbani. Mara nyingi chai haikuwa na kasoro. Kilichokosekana ni hesabu. Ladha iliyo mkononi mwa nyanya ni urithi, na huwa biashara pale inapopimwa na mwenye kuiuza akajua kikombe kimoja kinamgharimu shilingi ngapi. Somo hili linaeleza hatua za kufika hapo.

Urithi wenyewe

Neno "chai" asili yake ni Uchina, nalo lilifika pwani kupitia lugha za Uajemi na Bara Hindi. Iliki na mdalasini zililetwa kwa majahazi yaliyosafiri kwa pepo za kaskazi na kusi. Majani ya chai yalikuja baadaye: mchai ulipandwa nchini kwa mara ya kwanza mwaka wa 1903, huko Limuru. Majani mengi ya Kenya hukatwakatwa na kuviringishwa kuwa punje ndogo, ambazo hutoa rangi upesi na kustahimili maziwa. Ndiyo sababu yanafaa sana kwa chai ya viungo.

Mkazi wa Mombasa yuko karibu na mahitaji yake. Viungo vinapatikana Marikiti na tangawizi Kongowea. Mnada wa chai umekuwa ukifanyika mjini humu tangu 1969, lakini huko huuzwa shehena kubwa kwa wanunuzi waliosajiliwa. Mfanyabiashara mdogo hununua majani yake kwa wapakiaji au maduka ya jumla.

Hatua ya kwanza: Kupima mkono wa nyanya

Kinachohitajika ni mizani ndogo ya jikoni, jagi lenye alama za mililita, daftari na kalamu. Nyanya aachwe apike kama kawaida yake. Kila anachotaka kutia kipimwe kwanza, kisha kiandikwe. Zoezi lirudiwe mara tatu kwa siku tofauti, kwa sababu mkono hubadilika kidogo kila siku. Wastani wa mara tatu ndio kipimo cha kuanzia.

Utaratibu nao uandikwe, maana wazee waliweka mambo kwa mpango wenye sababu. Tangawizi mbichi huchemshwa na maji kabla ya maziwa kutiwa. Ina kimeng'enya kinachogandisha maziwa, na moto wa maji yanayochemka hukiua. Anayeanza na maziwa, kisha akatia tangawizi mbichi, huenda akaona sufuria nzima imekatika. Majani hutiwa mwishoni kwa sababu yakichemka muda mrefu chai huwa kali na chungu. Iliki husagwa kidogo kidogo, kwani ikikaa wazi baada ya kusagwa harufu yake hupotea.

Daftari likikamilika, mtu mwingine wa nyumba apike kwa kulifuata bila kusaidiwa. Nyanya akionja na kukubali, kipimo kimepatikana. Akikataa, kazi bado.

Hatua ya pili: Kujua gharama ya kikombe

Chukua mfano wa sufuria inayotoa lita 5 za chai, yaani vikombe 25 vya mililita 200. Bei zilizo hapa ni za mfano tu. Kila mkazi aweke za soko lake.

- Maziwa lita 2½, kwa shilingi 70 kila lita: shilingi 175
- Majani ya chai gramu 50, kwa shilingi 500 kila kilo: shilingi 25
- Sukari gramu 300, kwa shilingi 160 kila kilo: shilingi 48
- Tangawizi gramu 60, kwa shilingi 200 kila kilo: shilingi 12
- Iliki gramu 10, kwa shilingi 4,000 kila kilo: shilingi 40
- Mdalasini gramu 8, kwa shilingi 1,000 kila kilo: shilingi 8
- Makaa: shilingi 40
- Maji ya kupikia na kuoshea vikombe, mtungi mmoja: shilingi 20

Jumla ni shilingi 368. Tuseme vikombe viwili kati ya 25 humwagika au hubaki. Vilivyouzwa ni 23, na kila kimoja kimegharimu shilingi 16.

Orodha hii inafundisha jambo ambalo jicho halioni. Gramu 10 za iliki zinagharimu zaidi ya gramu 50 za majani. Mkono ukizidisha iliki mara mbili kwa ukarimu, shilingi 40 zaidi zimeingia katika sufuria bila mteja kuongeza hata senti.

Hatua ya tatu: Bei, kodi na kikombe cha bure

Mwenye kuuza sufuria nne kwa siku, kwa shilingi 20 kila kikombe, hupata shilingi 1,840. Akiondoa gharama ya shilingi 1,472, hubaki na 368. Kodi ya kibanda ikiwa shilingi 100 kwa siku na matumizi ya simu 20, kinachobaki ni shilingi 248 kwa kazi iliyoanza kabla ya adhana ya alfajiri. Kikombe hichohicho kikiuzwa shilingi 25, kinachobaki kwa siku ni shilingi 708. Tofauti ya shilingi tano ndiyo inayoamua kama kuna ujira au hakuna.

Je, mteja atakubali 25? Mpita njia wa kivuko cha Likoni mwenye haraka anaweza kwenda kwa jirani anayeuza 20. Afisini au gereji, ambako chai hupelekwa ikiwa moto ndani ya chupa pamoja na mahamri, wengi hulipa bila kusita. Kwa hiyo mahali pa kuuzia pachaguliwe baada ya kujua gharama.

Kuna pia kikombe cha bure. Biashara inayotokana na familia huwavuta ndugu, majirani na marafiki. Vikombe vitano vya bure kwa siku, kwa siku 26 za kazi, ni vikombe 130. Kwa gharama ya shilingi 16 kila kimoja, mwezi unaisha na shilingi 2,080 zimekunywewa. Hakuna anayetakiwa kumnyima ndugu chai. Ukarimu huo uandikwe daftarini na uwekewe kiasi, ili mtaji usiliwe kimyakimya.

Kalenda nayo ihesabiwe. Mwezi wa Ramadhani mauzo ya mchana hupungua sana na wateja huhamia baada ya futari. Mwenye kibanda abadilishe saa zake na apunguze ununuzi wa maziwa ya asubuhi.

Hatua ya nne: Vibali na usafi

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti jukumu la leseni za biashara na masoko. Anayeuza chai anahitaji kibali cha biashara cha kaunti. Jengo au kibanda cha chakula hukaguliwa na maafisa wa afya ya umma. Kila anayeshika chakula anapaswa kuwa na cheti cha uchunguzi wa kiafya, kinachofanywa upya kila baada ya miezi sita. Jina la biashara husajiliwa kupitia eCitizen, na asiyejua kutumia mtandao husaidiwa katika kituo cha Huduma.

Cheti peke yake hakimkingi mteja. Maziwa mabichi yachemshwe hadi yafurike, kwani huweza kubeba vijidudu vya homa ya maziwa, yaani brusela. Vikombe vioshwe kwa sabuni na kusuuzwa kwa maji safi yanayobadilishwa, si katika ndoo moja tangu asubuhi hadi jioni. Mteja mmoja akiumwa na tumbo, jina la nyanya ndilo litakalotajwa mtaani.

Hatua ya tano: Kutoka kikombe hadi pakiti

Chai ikipendwa, wateja huomba viungo vya kwenda navyo nyumbani. Hii ni biashara nyingine yenye masharti yake. Tangawizi mbichi hupoteza maji mengi ikikaushwa: kilo tano hutoa takriban kilo moja kavu, na bei ya pakiti lazima ibebe upungufu huo. Hewa ya pwani ina unyevu, hivyo viungo visivyokauka vizuri huota ukungu, na baadhi ya ukungu hutoa sumu isiyoondoka kwa kuchemshwa. Vianikwe juu ya meza safi iliyofunikwa kwa wavu, mbali na ardhi na vumbi, kisha vifungwe vikiwa vimepoa.

Pakiti inayouzwa madukani huhitaji alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Kenya, KEBS. Lebo ionyeshe jina la bidhaa, viungo vilivyotumika, uzito halisi, jina na anwani ya mtengenezaji, nambari ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya kwisha kutumika. Anayechanganya majani ya chai ndani ya pakiti aulize pia kuhusu usajili wa wapakiaji katika Bodi ya Chai ya Kenya.

Hatua ya sita: Mapishi ni ya nani?

Swali hili huachwa hadi fedha zionekane, na hapo ndipo ndugu hugombana. Nyanya ana watoto na wajukuu wengi, na mmoja tu ndiye anayefungua kibanda. Je, binamu akifungua chake mtaa wa pili kwa jina lilelile, atakuwa amekosea?

Ni vyema familia ikae mapema, nyanya mwenyewe akiwepo, na iandike mambo matatu: nani ataruhusiwa kutumia jina, nyanya atapata fungu gani, na itakuwaje mwenye biashara akiacha au akifariki. Karatasi itiwe saini na mashahidi. Jina au nembo inaweza kusajiliwa katika Taasisi ya Mali ya Ubunifu, KIPI, ambako usajili hudumu miaka 10 na huweza kuendelezwa. Usajili huo hulinda jina, haulindi mapishi. Mapishi hulindwa na wachache wanaoshika daftari.

Zoezi la wiki moja

Kabla ya kukopa popote au kulipa kodi ya kibanda, mkazi apike sufuria moja kila siku kwa siku saba na aiuze kwa watu wasio jamaa zake. Kila jioni aandike mambo manne: vikombe vilivyouzwa, vilivyomwagika au kubaki, vya bure, na fedha zilizo mkononi. Siku ya saba ajumlishe. Fedha zikizidi gharama na ujira wake, ana biashara ya kuanzia. Zikipungua, amejifunza kwa gharama ya sufuria saba badala ya mkopo mzima, na anaweza kurekebisha kipimo, bei au mahali, kisha ajaribu tena.

Wakazi wanaohitaji maelezo zaidi kuhusu vibali na ukaguzi wa afya wanashauriwa kufika katika afisi ya kaunti ndogo iliyo karibu nao, wakiwa na kitambulisho na daftari la hesabu za wiki hiyo.