SOMO LA AFYA: INSULINI INAPOPIGA HODI



Katika somo la robo hii tunajibu swali linaloulizwa mara nyingi: kwa nini mgonjwa mmoja wa kisukari hupewa vidonge na mwingine sindano kila siku?

Tukila ndizi au ugali, chakula hugeuka sukari na kuingia katika damu. Ili misuli iipokee sukari hiyo, kongosho hutoa homoni iitwayo insulini. Insulini ni kama mgeni anayepiga hodi. Kwenye ukuta wa seli kuna vipokezi, navyo ni kama masikio ya nyumba. Kila kipokezi kina vipande vinne: viwili vya nje huipokea insulini, na viwili vilivyopenya ukuta hupeleka habari ndani. Habari ikifika, milango ya sukari iliyokuwa ndani ya seli husogea hadi ukutani, na sukari huingia.

Kisukari aina ya kwanza
Masikio ni mazima, lakini hakuna anayepiga hodi. Kinga ya mwili imeharibu seli zinazotengeneza insulini. Huwapata zaidi watoto na vijana. Kabla ya mwaka 1922, mgonjwa wa kwanza alipotibiwa kwa insulini huko Toronto, Kanada, watoto hawa hawakuishi muda mrefu. Insulini hudungwa kwa sindano kwa sababu ikimezwa humeng'enywa kama chakula.

Kisukari aina ya pili
Hodi inapigwa, lakini ndani haisikiki vizuri. Kurithi, unene wa tumboni na kutofanya kazi za mwili huchangia. Vidonge husaidia, ila kongosho likichoka wengine huhitaji sindano pia.

Kuna habari njema kwetu watu wa mlimani: msuli unaofanya kazi hufungua milango yake hata bila hodi. Kupanda Kibosho kwa miguu, kulima kihamba na kubeba majani ya ng'ombe ni dawa pia. Lakini kazi hizo hazichukui nafasi ya sindano ya mtoto.

Mambo ya kufanya katika parokia
1. Tuwaombee wagonjwa, lakini asiwepo wa kumwambia mtoto aache sindano baada ya maombi. Bila insulini damu yake hujaa asidi, naye anaweza kufa ndani ya siku chache.
2. Mtoto mwenye kiu kali, anayekojoa mara kwa mara na kukonda, apimwe sukari siku hiyo hiyo, si malaria tu. Zahanati ikishindwa, apelekwe hospitali. Rufaa yetu ni KCMC, Moshi.
3. Insulini ambayo haijaanza kutumika hutunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 8, wala isigande. Familia isiyo na friji ikaribishwe kuitunza kwenye friji ya parokia.

Wafadhili wetu, nauli ya kliniki na vifaa vya kupimia sukari ndiyo mahitaji ya kwanza ya familia hizi.

Swali la kujadili: Je, katika jumuiya yetu kuna mtoto anayehitaji insulini, na nani anamfuatilia?