Koo la Mtoto na Kovu la Moyo

Soma kwanza: Mithali 4:23, 1 Wakorintho 12:14–26.



Tunaposoma habari za moyo katika Maandiko twafikiri juu ya nia, imani na upendo, nayo ni vema. Leo twataka kujifunza habari za moyo wenyewe wa nyama, ule unaopiga kifuani. Sababu yake tutaieleza kwanza.

Miaka mingi iliyopita, katika shule moja tuliyofundisha, alikuwako msichana wa darasa la tano, hodari wa hesabu. Muhula mmoja aliumwa koo siku chache, akapona bila dawa yo yote. Baada ya wiki tatu hivi akaja akichechemea, goti limevimba. Siku mbili baadaye goti lilikuwa zima, bali kifundo cha mguu wa pili kimevimba. Kwa kuwa maumivu yalihamahama, sisi walimu tulidhani anajisingizia ili akwepe mchakamchaka. Tulimpa aspirini na dawa ya kuchua. Maumivu yakaisha upesi, tukajiona tumesema kweli. Tangu hapo akawa wa mwisho katika mbio za asubuhi, akihema, nasi tulimwadhibu kwa uvivu.

Alikua, akaolewa. Katika mimba yake ya kwanza akavimba miguu, akakohoa usiku, asiweze kulala ila ameketi. Majirani wakasema amerogwa. Alipofikishwa hospitalini madaktari waliona kwamba moyo wake ulikuwa umeharibika tangu utotoni. Hakupona, wala mtoto wake. Tulipopata habari hizo tulilikumbuka lile goti. Somo hili ni deni letu kwake.

1. Uvimbe ni mtumishi

Mtu akichomwa na mwiba shambani, mguu huwa mwekundu, hupata joto, huvimba na kuuma. Huo si ugonjwa mwingine, ni kazi ya mwili. Chembe nyeupe za damu zimekimbilia pale kuua wadudu na kuondoa uchafu. Zikimaliza, mwili huziba pengo, na mara nyingine hubaki kovu. Kovu la mguuni halimzuii mtu kulima.

Basi uvimbe ni mtumishi mwema. Lakini mtumishi huyu hutumia moto, na moto ukiwaka mahali pasipofaa, au usipozimika kwa wakati, huunguza nyumba uliyopaswa kuilinda.

2. Moyo hushonwa kwa kovu

Ngozi huota tena. Ini laweza kukua tena. Moyo sivyo. Kwa mtu mzima, katika kila chembe 100 za msuli wa moyo, hata moja haifanywi upya kwa mwaka mzima. Kwa hiyo sehemu ya msuli ikifa, mwili hauna budi kuziba kwa kovu.

Hivyo ndivyo ilivyo kwa mtu mzima aliyepatwa na shambulio la moyo. Mshipa unaolisha moyo huziba, na msuli uliokosa damu hufa. Katika siku za kwanza chembe nyeupe huja kusafisha msuli uliokufa, na wakati huo ukuta wa moyo ni laini kama udongo uliofinyangwa kabla ya kuchomwa. Kisha kovu hujengwa, nalo huchukua wiki 6 hadi 8 kuwa imara. Ndiyo maana daktari humkataza mgonjwa kushika jembe upesi, hata akijisikia mzima. Tena ndiyo maana asijinunulie dukani dawa za kutuliza maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, kwa sababu zaweza kuudhuru moyo unaopona. Aspirini aliyoandikiwa na daktari ni jambo jingine, asiiache.

Kovu hushika, lakini halikazi wala halisukumi damu. Huo ni moyo wa mtu mzima. Katika nchi zetu upo uvimbe mwingine unaotia kovu moyo wa mtoto, nao huanzia kooni.

3. Kutoka kooni hadi moyoni

Ugonjwa huu huitwa homa ya rumatiki. Huwapata zaidi watoto wa miaka 5 hadi 15. Vijidudu viitwavyo streptokoka humwingia mtoto kooni, hasa pale watoto wengi wanapolala chumba kimoja. Koo huuma, kisha hupoa, na kwa watoto wengi mambo huisha hapo.

Kwa wachache, wiki mbili au tatu baadaye, mwili hukosea. Ni kama mlinzi wa usiku aliyeambiwa kwamba mwizi amevaa shati la buluu. Mwizi amekwisha kimbia, lakini mtoto wa mwenye nyumba naye anatoka akiwa amevaa shati la buluu, na mlinzi anampiga. Chembe za ulinzi zilizojifunza kupigana na vijidudu vile huona sehemu za moyo zinafanana navyo, nazo huzishambulia.

Magoti na vifundo huvimba vikapona kabisa. Vali za moyo hazina bahati hiyo. Vali ni milango minne inayoruhusu damu kwenda mbele na kuizuia isirudi nyuma. Ile inayodhurika zaidi iko upande wa kushoto, ina mabawa mawili, na wataalamu wa kale waliipa jina la kofia ya askofu kwa sababu hufanana nayo. Uvimbe ukipoa, mabawa hayo hubaki na makovu. Hunenepa, hugandamana au hukunjamana. Mlango haufunguki vema, au haufungiki, na damu hurudi kujaa mapafuni.

Sasa twaelewa kosa letu la zamani. Vidonge vilituliza goti, tukadhani tumeponya mtoto. Kumbe tulinyamazisha kengele, na moto uliendelea kuwaka ndani.

Tena kovu la kwanza laweza kuwa dogo. Mtoto aliyekwisha patwa na homa hii, akiambukizwa koo tena, uvimbe huwaka upya na kuongeza kovu juu ya kovu.

4. Dalili za kuangalia

(a) Viungo vikubwa kuvimba na kuuma, na maumivu kuhama kutoka kiungo kimoja hadi kingine, pamoja na homa.
(b) Mtoto kuhema au kuchoka upesi kuliko wenzake, au moyo kumwenda mbio.
(c) Mikono, miguu au uso kuchezacheza bila yeye kutaka. Mwandiko huharibika, kikombe humponyoka. Mtoto huyu asichapwe, wala asidhaniwe ana pepo.
(d) Kwa mama mjamzito, kukosa pumzi anapolala na kukohoa usiku. Katika mimba damu mwilini huongezeka karibu nusu ya kiasi chake, na vali yenye kovu huweza kujulikana wakati huo kwa mara ya kwanza.

Homa yenye maumivu ya viungo yaweza pia kuwa malaria au ugonjwa mwingine. Kwa hiyo tusikisie. Tumpeleke mtoto zahanati, na tumweleze mganga kama aliumwa koo hivi karibuni.

5. Dawa ipo

Mwaka 1928 Alexander Fleming aligundua penisilini huko London. Mtoto mwenye koo la streptokoka akipewa dawa hiyo kabla ya siku 9 kupita, homa ya rumatiki huzuilika. Si kila koo linahitaji penisilini. Koo lenye mafua na kikohozi mara nyingi huletwa na virusi, na hupona lenyewe. Mganga ndiye wa kupambanua.

Kwa mtoto ambaye amekwisha patwa na homa hii, ipo sindano ya penisilini ya kila baada ya wiki 4, kwa miaka mingi kama daktari atakavyoamua. Sindano hii haifuti kovu lililopo. Kazi yake ni kuzuia kovu jipya. Ni vigumu kumshawishi mtoto anayecheza vizuri achomwe kila mwezi. Lakini tuwatazame jirani zetu wa Uganda. Katika eneo la Gulu, watoto 818 wa miaka 5 hadi 17 waliokuwa na dalili za mwanzo, zilizoonekana kwa kipimo cha mawimbi ya sauti tu, waligawanywa makundi mawili. Baada ya miaka miwili, katika waliochomwa sindano ugonjwa uliendelea kwa watoto 3 kati ya 399. Katika wasiochomwa, uliendelea kwa 33 kati ya 400. Habari hizo zilitangazwa mwaka 2021.

Vali iliyoharibika sana huhitaji upasuaji. Nchini kwetu Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyofunguliwa Dar es Salaam mwaka 2015, hufanya kazi hiyo, na wengi wetu hupelekwa kwanza Bugando, Mwanza. Twamshukuru Mungu kwa ajili yao. Lakini kutoka Buhemba mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 1000, na mwenye vali ya chuma hutumia dawa ya kuzuia damu isigande maisha yake yote. Penisilini ya zahanati ni njia fupi zaidi.

6. Wajibu wetu

Mtume Paulo, katika somo la pili hapo juu, afundisha kwamba kiungo kimoja kikiumia vyote huumia pamoja nacho. Tuanze hapo. Mwalimu, usimwadhibu mtoto anayehema kabla hujauliza habari zake. Mzazi, usizoee kumaliza kila maumivu kwa vidonge vya dukani. Mwalimu wa Shule ya Jumapili, mtoto wa sindano ya kila mwezi umjue, umkumbushe tarehe yake. Akina mama, msindikizeni mjamzito anayekosa pumzi aende kliniki siku hiyo hiyo. Tuombe kwa ajili ya wagonjwa, na tukisha sema Amina tuwapeleke. Wala mtu asitaje uchawi mahali penye ugonjwa unaojulikana, maana neno hilo humchelewesha mgonjwa na kumtia hatarini jirani asiye na kosa.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini goti lililovimba hupona, lakini vali ya moyo hubaki na kovu?
2. Sindano ya kila mwezi yafanya nini, na haifanyi nini?
3. Je, katika mtaa wetu yuko mtoto anayeitwa mvivu? Nani amekwisha muuliza anavyojisikia?

Sala

Ee Bwana, uliyewapokea watoto, utusamehe tulipowahukumu kabla ya kuwatazama. Uwape waganga wetu hekima, wazazi subira, na watoto wetu mioyo yenye afya. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.