Sheria za Bustani ya Watu

Sisi wa Kisaka tukisikia neno hifadhi twakumbuka Serengeti, ambako sheria huwalinda wanyama wasidhuriwe na watu. Bustani ya mji ni kitu kingine, maana hupandwa ili watu wapumzike humo. Ubao wake ukisema tu "Usikae, usicheze, usiuze," basi wenye mali wamefungiwa nje ya mali yao.

Natoa mfano wa Forodhani, Unguja, bustani iliyofunguliwa mwaka 1936. Ilipotengenezwa upya mwaka 2008 na 2009, wachoma pweza na wakamua miwa walitengewa mahali pao, zikawekwa taa, na watoto wakapata uwanja wa kuchezea. Biashara ikabaki, na usafi ukaongezeka.

Kwa maoni yangu, kila katazo lapasa kuulizwa: humlinda nani? Katazo la kutupa taka humfaa kila mtu, nalo libaki. Katazo la kukaa majanini hufaa majani peke yake, na majani huota tena.

Miji yetu ya Mugumu na Tarime inakua. Wazee wetu wanaopanga viwanja wasisahau bustani, na ubao wa langoni uanze kwa neno "Karibu."