MCHE WENYE KIU NDANI YA MAJI

Ndugu msomaji, mtu akipanda maharagwe, akayanyunyizia maji asubuhi na jioni, na bado yakakataa kuota, atalaumu nini? Wengi wetu tutasema ati mbegu ni mbovu. Hebu tuyachunguze maji kwanza.

Mbegu kavu huanza maisha kwa kunywa. Hufyonza maji, hufura, ganda hupasuka na mzizi mchanga hutokeza. Maji huingia kwa osmosisi, lile tendo tulilofunzwa katika Bayolojia. Sasa, udongo ukijaa chumvi, chumvi hiyo huyazuia maji yasiingie kwa urahisi. Mbegu hukaa majini huku ina kiu! Hata ikibahatika kuota, huchelewa, mzizi huwa mfupi, na chumvi inayopenya ndani huunguza ncha za majani.

Haya si mambo ya vitabuni tu. Kule Lamu, mvua huingia katika vilima vya mchanga vya Shela, na maji matamu hukaa juu ya maji ya chumvi. Yakitekwa kupita kiasi, chumvi hupanda visimani. Hata mbali na bahari, shamba la kunyunyiziwa huweza kuharibika, kwani jua hukausha maji na kuacha chumvi.

Hata hivyo, mimea haifanani. Maharagwe hushindwa upesi. Mahindi ni afadhali kidogo. Kunde huvumilia zaidi. Shayiri na pamba ndizo shupavu.

Unaweza kujionea mwenyewe. Chukua mikebe mitatu, utandike kitambaa na kuweka maharagwe 10 katika kila mmoja. Wa kwanza utie maji ya mvua. Wa pili, maji ya kisima chenu. Wa tatu, maji lita 1 yaliyokorogwa na kijiko cha chai cha chumvi. Yote ipate maji sawa. Hesabu zilizoota kila siku, kwa siku 10. Mkebe wa kwanza ukiota vizuri, na wa pili ukifanana na wa tatu, basi tatizo ni maji.

Ufanyeje? Weka akiba ya maji ya mvua kwa ajili ya kitalu, maana mche mchanga huumia kuliko mmea mkubwa. Mbolea ya dukani nayo ni chumvi, kwa hivyo isigusane na mbegu.

Mwanafunzi mwenzangu, mbegu ni pesa. Kabla mzazi hajanunua pakiti nyingine, mwonyeshe ile mikebe mitatu.