Ujazo wa Gogo na Ujazo wa Kinu

Ujazo wa kitu ni nafasi ile kitu hicho kinayoijaza. Debe lina ujazo, gunia lina ujazo, na gogo la mti lina ujazo vilevile. Kuujua ujazo ni jambo kubwa kwetu tukaao Njinjo na katika nchi yote ya Kilwa, kwa maana misitu yetu ina mpingo, mti mgumu ambao Wamakonde huuchonga vinyago, na mafundi wa ng'ambo huufanyia klarineti. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 iliwapa wanavijiji njia ya kumiliki misitu iliyo katika ardhi ya kijiji. Mwaka 2009 misitu ya Kikole na Kisangi, vijiji vya wilaya yetu, ilipata cheti cha kimataifa cha utunzaji mwema. Miti ya misitu ya namna hii huuzwa kwa meta za ujazo. Basi kijiji kisichojua kupima, hakina budi kupokea hesabu ya mnunuzi.

Tutwae gogo lenye urefu wa sentimeta 200. Zungusha kamba shinani: mzingo ni sentimeta 110. Zungusha nchani: ni 66. Zungusha katikati: ni 88. Je, tutumie kipimo kipi? Tukitumia cha shina, gogo litakuwa kubwa kuliko lilivyo, na mnunuzi atapunjwa. Tukitumia cha ncha, kijiji kitapunjwa. Kipimo cha katikati hukaribia kweli.

Zidisha mzingo kwa 7, kisha gawanya kwa 22, upate kipenyo: sentimeta 28. Nusu kipenyo ni 14. Zidisha 14 kwa 14, kisha kwa 22, ugawanye kwa 7: eneo la duara ni sentimeta za mraba 616. Zidisha kwa urefu: 616 mara 200 ni sentimeta za ujazo 123,200. Meta 1 ya ujazo ni sentimeta za ujazo 1,000,000; basi gogo letu ni meta za ujazo 0.1232. Kwa kipimo cha ncha tungalipata 0.0693 tu!

Kitu kilichochongwa hupimwa kwa vipande. Kilichoongezwa hujumlishwa, kilichotobolewa hutolewa. Tazama kinu kidogo cha mpingo, kipenyo chake sentimeta 14, kimo chake 20. Kama kingekuwa kizima, ujazo wake ungekuwa 3,080. Lakini kina shimo lililonyooka, lenye kipenyo cha sentimeta 7 na kina cha 16. Ujazo wa shimo ni 616. Toa: mti uliobaki ni sentimeta za ujazo 2,464.

Unataka kuhakikisha? Jaza chombo maji mpaka ukingoni, kitumbukize kinu, uyakinge maji yamwagikayo. Mpingo ni mzito kuliko maji, nao huzama wenyewe. Maji yakikaribia lita 2 na nusu, hesabu yako ni njema.

Siku hizi mafundi wa vyuma na mbao huchora vifaa vyao katika kompyuta, kwa programu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Ukiiuliza ujazo wa kifaa, hujibu mara moja. Usidhani ni uganga. Baadhi ya programu huugawa uso wa kifaa kuwa pembetatu ndogo ndogo, huhesabu ujazo wa kila kipande, kisha hujumlisha na kutoa, kama tulivyofanya kwa kinu.

Lakini kompyuta huamini kila iambiwalo. Ikiwa inahesabu kwa milimeta, nawe ukaandika 14 na 20 ukidhani ni sentimeta, kila upande utapungua mara 10, na ujazo utapungua mara 1,000. Kinu chako kitakuwa na ujazo wa nusu ya kijiko cha chai! Kwa hiyo kwanza kadiria kwa akili yako, ndipo uulize mashine. Ajuaye kuhesabu hadanganywi na mnunuzi, wala na mashine.

Maswali

1. Gogo lina urefu wa sentimeta 300, na mzingo wa katikati ni 44. Tafuta ujazo wake.
2. Kwa nini hatupimi gogo nchani peke yake?
3. Tafuta ujazo wa kinu cha nyumbani kwenu, kisha uuhakikishe kwa maji.