Pembe Nne za Godoro

Someni kwanza Marko 2:1-12.

Ndugu wapenzi, habari za mtu mwenye kupooza kule Kapernaumu twazijua tangu utoto. Lakini mara nyingi twamtazama Bwana na mgonjwa, na wale wanne waliomchukua twawapita upesi. Majina yao hayakuandikwa, wala neno lao hata moja; imeandikwa kazi yao tu. Tena Marko asema kwamba Yesu aliiona imani yao. Basi mwezi huu na tuwatazame wao.

Katika nchi yetu ya milima wengi hupata riziki kwa kazi zenye hatari: kukata miti na kupasua mbao huko Mufindi, kuchimba dhahabu huko Chunya, kujenga nyumba Iringa na Mbeya. Mti ukianguka vibaya, au ngazi ikiteleza, mtu mwenye nguvu aweza kuvunjika uti wa mgongo kwa mara moja, asisimame tena. Siku za kwanza nyumba yake hujaa watu. Sadaka hutolewa na sala huombwa. Baada ya miezi mitatu njia ya kwenda kwake huota majani. Hapo ndipo upendo wetu hupimwa.

Kwanza tuondoe neno baya. Wako wanaonong'ona kwamba amerogwa, au kwamba Mungu amemwadhibu. Katika Luka 13 twasoma habari za watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, na Bwana alikana kabisa kwamba walikuwa wakosaji kuliko wenzao. Anayenong'ona hashiki godoro, aliongezea uzito.

Pembe ya kwanza ni mwili. Mtu asiyesikia maumivu miguuni hajui ngozi yake inapoharibika. Akilala upande mmoja muda mrefu hupata vidonda, na vidonda hivyo, pamoja na ugonjwa wa njia ya mkojo, vyaweza kumwua hata baada ya kutoka hospitali. Kwa hiyo kitandani ageuzwe kila saa mbili, mchana na usiku, ngozi yake itazamwe kila siku, na maji anywe kama alivyoagizwa na mganga. Je, mke peke yake ataweza kuamka hivyo mwaka mzima? Hawezi. Akina mama na vijana wapange zamu.

Pembe ya pili ni haki. Iko Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, na kwa sheria hiyo Mfuko wa Fidia uliwekwa. Anayeuchangia ni mwajiri, si mfanyakazi. Mfuko huangalia matibabu, malipo ya ulemavu, hata malipo kwa anayemhudumia mgonjwa. Lakini ajali isipoarifiwa ndani ya miezi 12, haki yaweza kupotea. Na aliyelala kitandani hawezi kuzunguka maofisini. Wazee wa usharika na wamsaidie kukusanya barua na vyeti. Sadaka yetu isikalie kiti cha haki yake.

Pembe ya tatu ni nyumba. Mvua za kwanza hazimngoji mgonjwa. Shamba lake lilimwe na wote. Mlango upanuliwe upate kupitisha kiti cha magurudumu. Fedha nazo zitunzwe kwa utaratibu. Mwaka 1523 usharika wa Leisnig, huko Ujerumani, ulitunga kanuni ya sanduku la pamoja kwa ajili ya wenye shida, na Luther aliiandikia utangulizi. Kanuni iliagiza sanduku lifungwe kwa kufuli nne, na funguo zishikwe na wakuu, baraza la mji, wenyeji wa mji na wakulima, ili pasiwe na kundi la kulifungua peke yake.

Pembe ya nne ni kazi. Mjini Iringa, mwaka 2003, ndugu zetu wa Kianglikana wa Dayosisi ya Ruaha walianzisha Neema Crafts kwa vijana viziwi watatu. Nayo ikakua hata kuwapa kazi walemavu wengi. Kumbukeni: mtu wa Kapernaumu alitoka amelichukua godoro lake mwenyewe. Ndugu yetu huenda asitembee tena, lakini asifanywe mtu wa kupokea tu. Anayejua hesabu apewe daftari la usharika. Anayejua kufundisha apewe darasa la kipaimara.

Wale wanne walipoona mlango umezibwa na watu hawakurudi nyumbani, waliifungua dari. Kama ngazi za kanisa letu zamzuia ndugu yetu kuingia, nasi tumeuziba mlango.

Maswali ya kuzungumza:
1. Ni nani katika usharika wetu aliyelala, ambaye njia yake imeota majani?
2. Ni pembe ipi ya godoro lake isiyo na mtu?
3. Kila mmoja wetu atashika ipi, na kwa siku zipi?